Kizunguzungu cha mfungo wa juisi: jinsi nilivyokimaliza

Siku ya pili ya kunywa juisi tupu, ukisimama ghafla macho yanaingia giza na magoti yanalegea. Wengi hudhani ni njaa, wakaongeza glasi ya embe au nanasi. Hapo ndipo shida huzidi: sukari hupanda haraka, kisha hushuka, na mikono inaanza kutetemeka.

Kilichokosekana ni chumvi. Mtu asipokula, insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) hushuka na figo hutoa sodiamu nyingi, madini yaliyo kwenye chumvi, kupitia mkojo. Juisi ya matunda karibu haina sodiamu, na joto la Kisumu hukamua iliyobaki kupitia jasho. Nilichoongeza ni robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha supu ya mboga ya moto, asubuhi na tena saa kumi jioni. Mwenye presha asifanye hivyo kabla ya kumwuliza daktari. Kuamka pia ni polepole: kaa kwanza ukingoni mwa kitanda dakika nzima, miguu chini.

Juisi yenyewe niliigeuza, tango na karoti za soko la Kibuye sehemu tatu, tunda sehemu moja.

Kichwa kuuma ni jambo lingine. Mara nyingi ni chai iliyokatwa ghafla. Punguza kikombe kimoja kila siku kabla ya kuanza.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asianze bila daktari. Ukizimia au moyo ukienda mbio, acha mfungo, nenda hospitali. Mkojo mwekundu baada ya juisi ya bitiruti, huo ni rangi tu.