Siku Ngoma Ilipolegea Shambani

Kundi la walimaji lilifika shambani kwa Bibi jua likiwa bado halijachomoza, majembe begani, ngoma zikitangulia. Ulikuwa msimu wa kupanda wa mwaka 1987, kijijini kwetu wilayani Magu, mkoani Mwanza, na Bibi alikuwa amewaita wampigie matuta ya pamba. Ujira ulikuwa mbuzi, pamoja na ugali na maziwa mgando ya mchana.

Siku hizi wengi wanaijua bugobogobo, ngoma ya kilimo ya sisi Wasukuma, ikiwa ya jukwaani, vijana wakirusha majembe juu na kuyadaka. Mimi niliijua kwanza ikiwa kazi. Walimaji hujipanga mstari mmoja, bega kwa bega. Majembe hupanda pamoja na kushuka pamoja. Anayechelewa huonekana na shamba zima. Ubavuni husimama ningi, mtunzi na mwimbishaji. Yeye hutoa mstari, kundi hupokea. Humo hupita kila kitu: bei ya pamba, mtu aliyeoa asimalize mahari, sifa za mwenye shamba. Na vijembe! Wale walikuwa Bagalu, kwa hiyo Bagika hawakusalimika. Vyama hivyo viwili vya ngoma vimeshindana tangu karne ya 19, na kila Juni, kwenye sikukuu ya Bulabo pale Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma, ushindi ni wa anayevuta watu wengi zaidi.

Saa nne hivi yakaanza manyunyu. Ngozi ya ngoma ikilowa hulegea, mlio ukafa. Wapigaji wakakimbilia jikoni kuzikanza ngoma kwenye moto wa mabua. Ningi hakunyamaza. Alishusha sauti, akaimba taratibu, na majembe yenyewe yakashika mdundo kwenye udongo uliolowa. Matuta yaliyopigwa wakati ule yalinyooka kuliko ya asubuhi. Ndugu zangu wanabisha, lakini mimi nilikuwepo na niliyaona.

Hapo ndipo akamwimba Bibi: mjane aliyelima peke yake, akauza pamba, akanunua ng'ombe wake wa kwanza. Bibi alikuwa anapita na mtungi wa maji. Akasimama.

"We mwanangu, si pamba. Ni dengu. Pamba ya mwaka ule iliisha kwa wadudu."

"Dengu, Mayu?" akauliza ningi, yaani mama.

"Dengu. Magunia mawili, nikayapeleka mnadani kwa punda."

Hakuna aliyecheka. Wimbo wa namna ile ungesikika vijiji vingi, na Bibi alitaka jasho lake litajwe kwa jina lake halisi. Ningi aliinamisha kichwa, akaufumua ubeti na kuusuka upya palepale. Ngoma ziliporudi zikilia kavu, dengu zilikuwa zimechukua nafasi ya pamba, na punda naye alikuwa na mstari wake. Wakauimba hivyo mpaka tuta la mwisho, Bibi akiwanywesha maji mmoja mmoja na kuitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.