Sumu ya Kasa, Bahari na Zahanati Zetu
Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki dunia, na wengine 78 wakalazwa hospitalini, baada ya kula nyama ya kasa, kitoweo ambacho wengi visiwani hukipenda. Sumu hiyo, inayodhaniwa kutokana na mwani wenye sumu ambao kasa huula, haiondoki hata nyama ikichemshwa kutwa, wala haina dawa ya kuikata. Mama anayenyonyesha anaweza hata kumpitishia mtoto sumu hiyo kupitia maziwa. Kwa hiyo naona si haki upimaji wa maji ya bahari ili kugundua mwani huo uachiwe wataalamu wa uvuvi peke yao, wakati wauguzi wa zahanati ndio wanaowapokea wagonjwa wa kwanza wakitapika na kuwashwa koo.