Chokaa ya tambuu ya bibi

Mwaka 2013 nilikuwa nafanya kazi kwenye hoteli moja ndogo kule Raskazone, Tanga. Kazi niliyoandikiwa ni bustani lakini muda mwingi nilikuwa naishia mapokezi, kwa sababu pale bosi alikuwa na tangi la maji ya chumvi, lita 400, kibali anacho, ndani mna matumbawe laini, samaki kangaja mmoja na wale samaki wawili wadogo wa rangi ya machungwa wenye mstari mweupe mgongoni, wanaolala ndani ya anemoni, yule kiumbe wa baharini anayefanana na ua lenye mikono mingi. Mi nimezaliwa Ngamiani, bahari naijua toka utoto, lakini kuona tumbawe limefunguka mbele ya macho yako saa nne asubuhi, umesimama na viatu vyako, hiyo ilikuwa kitu kingine kabisa. Bosi akaona napenda akaanza kunifundisha, chumvi ipimwe kila asubuhi isome 1.025, maji yakipungua unajazia maji baridi na sio ya chumvi maana yanapoondoka kwa mvuke chumvi yake inabaki, chakula kidogo kidogo tu.

Mwezi wa saba akasafiri, miezi miwili, akaniachia funguo za kila kitu. Na nyuma jikoni akaacha ndoo nyeusi yenye jiwe moja toka baharini, lina pampu yake ndogo. Akaniambia kijana wangu hilo jiwe liache humohumo mpaka nirudi, hatujui limebeba nini.

Nililiacha siku sita.

Lilikuwa zuri mno jamani, la waridi lote, na kule pembeni ya tangi kulikuwa na pengo ambalo kila nikiangalia naona jiwe lile ndo mahali pake. Nikalisuuza kwenye maji ya chumvi, nikaliweka. Wiki ya pili nikaona kwenye ufa wake kumeota vitu vidogo kama maua, vya kahawia vinavyopitisha mwanga, vina mikono myembamba inachezacheza. Nikafurahi kweli, maana vilifanana na anemoni ya bosi ila vidogo, nikajua anemoni imezaa. Nikawa navipa na vipande vya dagaa kabisa. Vilikuwa tisa, nilivihesabu.

Halafu tumbawe laini lililokuwa karibu na lile jiwe likaanza kujikunja, upande mmoja tu, ule unaoelekea huko. Nikapima chumvi iko sawa, joto 26, sawa. Nikakaa usiku na tochi nimeifunga mfuko wa rambo mwekundu, maana viumbe wengi wa baharini mwanga mwekundu hawauoni vizuri kwahiyo wanaendelea na mambo yao. Ule usiku niliona dunia nyingine kwenye tangi lile. Minyoo yenye manyoya pembeni inatoka chini ya mawe kama treni, viti vya pweza, vile viumbe vya umbo la nyota, vidogo kuliko ukucha vimebandikana kwenye kioo, na kaa mmoja mweusi wa manyoya, makucha yake mazito, anavuta kitu shimoni. Nikasema bas nimempata mchawi. Kaa nilimtega kwa bilauri, unaweka kipande cha nyama ya kamba ndani, unailaza imeegemea jiwe, anapanda anatumbukia halafu kioo kinateleza hawezi kutoka. Asubuhi alikuwa mle. Mnyoo mmoja nikautoa kwa vidole, vimanyoya vyake vikabaki kwenye ngozi vinawasha mpaka nikavitoa kwa plasta, unabandika unabandua. Tumbawe likaendelea kujikunja vilevile.

Kumbe minyoo ile haikuwa na kosa lolote, inakula mabaki ya chakula, inasafisha. Hilo nilikuja kuambiwa baadaye na liliniuma.

Vile vimaua nikaanza kuvitilia shaka siku nilipoona mkono wa kimoja umegusa tumbawe na pale ulipogusa pamekuwa peupe. Nikachukua kisu cha jikoni nikavikwangua vyote, nikasafisha ule ufa, nikalala na amani. Baada ya wiki mbili nikahesabu mpaka sitini na nikaacha kuhesabu. Vipo kwenye kioo, vipo kwenye bomba la pampu, viko chini ya anemoni ya bosi. Nilikaa kwenye kigoda pale mapokezi nikawa sijui nifanye nini, yaani nilitamani mgeni yeyote asiingie asione.

Jumapili bosi alipopiga simu nikamwambia yote, na habari ya jiwe pia. Akanyamaza. Halafu akauliza, vina rangi ya kahawia? Ndio. Ukikigusa kinaingia shimoni fyu? Ndio. Akasema hiyo ni aiptasia, anemoni inayosambaa kama gugu, na wewe umeipanda kwa kisu. Akanieleza kwamba kipande kidogo tu cha mguu wake kikibaki kwenye jiwe au kikielea, kinakuwa aiptasia nzima, kwahiyo kila nilipokwangua nilikuwa nazidisha. Ina miiba ya sumu kwenye mikono ndo maana jirani zake wanajikunja. Nikauliza kuna samaki anayeila? Akasema wako kina kitatange wanaila, ila wengi wao wanakula na matumbawe, kwahiyo sahau. Tafuta chokaa, sio ya kupaka nyumba maana hujui wamechanganya nini, chokaa safi iliyozimwa kwa maji, uji mzito, uichome kwa sirinji mdomoni.

Duka la dawa la kwanza hawana, la pili hawajui naongelea nini. Jioni nikapanda baiskeli nikaenda kwa bibi barabara ya 12, sikwenda kwa ajili hiyo, nilienda tu kwa sababu nilikuwa na mawazo. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, mbona uso huo. Yupo kwenye mkeka, kijaluba chake kimefunguliwa, anapaka jani la tambuu. Nikawa naangalia kidole chake. Bibi, hiyo ni chokaa ya nini? Akasema chokaa ni chokaa, mawe yamechomwa yakazimwa kwa maji, nanunua Mgandini, na usiizidishe itakubabua ulimi. Nikamuomba. Akaniuliza umeanza tambuu? Nikamweleza habari ya tangi mwanzo mpaka mwisho, alisikiliza vizuri sana, akanikamulia ya kutosha kwenye kikopo cha mafuta ya mgando, akasema wape wenzangu nao waungue.

Usiku uleule nikazima pampu ili maji yatulie, nikavuta ule uji kwenye sirinji, nikasogea polepole bila kuigusa. Ukiigusa inaingia ndani na umekosa, lazima uidondoshee juu ya mdomo wakati imefunguka, na yenyewe inadhani ni chakula inajifungia nayo. Ikajikunja ikawa donge jeupe. Nikangoja nusu saa kabla ya kuwasha pampu, huku nawafukuza samaki kwa mkono wasije kuonja. Kumi kwa usiku, sizidishi, maana chokaa inapandisha pH, kile kipimo cha asidi na alkali, ya maji yote na ukiwa na haraka unaua kila mtu. Nilikuwa napima kabla na baada, 8.2 inaenda 8.3, nikiona 8.4 naacha hata kama zimebaki nne tu. Lile jiwe lenyewe nililitoa nikalianika juu ya bati mpaka likawa jeupe pe.

Ilinichukua karibu wiki tatu. Bosi aliporudi aliangalia kioo kwa muda mrefu, hakunigombeza, akasema tu ndoo ni ndoo.

Jumamosi iliyofuata nikamleta bibi na bajaji. Alikuwa hajawahi kuona matumbawe yakiwa hai chini ya maji, yeye bahari yake ilikuwa ile ya bamvua, maji yamekupwa mnatembea na ndoo kuokota chaza. Nikamwekea kigoda. Tumbawe laini lilikuwa limefunguka lote, pande zote mbili. Akaangalia kimya, akamtambua kiti cha pweza, akacheka. Halafu akasogeza uso karibu na kona ya chini, pale ambapo ukiwa umesimama huoni, akaniuliza, "Na yule pale, si mmoja wao?"

Nikainama. Kweli. Nikazima pampu nikaenda kuchukua sirinji, na bibi akafungua kijaluba.