Nilivyokipanga kituo changu cha watoto kabla Msimbazi haujafika mlangoni

Nina kituo cha kulelea watoto mchana Kigogo, Dar es Salaam, upande unaoteremka kwenda Mto Msimbazi. Naandika kwa sababu nimechoshwa na ushauri wa semina. Tuliambiwa tununue kizimamoto, tubandike ukutani 114 ya Zimamoto, tupige king'ora, kisha watoto wajipange wawili wawili kuelekea kiwanja cha wazi. Kizimamoto ninacho, namba ipo. Ila kiwanja cha wazi kwetu ndiko maji yanakoanza kutuama! Na aliyesema wawili wawili sidhani kama amewahi kushinda na watoto wa miaka miwili.

King'ora tulikijaribu kama tulivyoagizwa. Dada mmoja wa kituoni alipokibonyeza tu, nyumba nzima ikaangua kilio. Wengine wakajichimbia chini ya meza, mmoja tukaja kumkuta nyuma ya mlango wa choo, amejibana, kimya kabisa. Siku ya moto au ya maji, huyo aliyejificha ndiye utakayempoteza. King'ora nikakifungia kabatini. Sasa ishara yetu ni wimbo wa treni aliotunga dada mmoja. Watoto wakiusikia wanakimbilia kamba ya katani yenye vitanzi, kila kitanzi kimeshonewa kitambaa cha rangi, na kila mtoto anaijua rangi yake. Tunaicheza kila Ijumaa kabla ya uji. Siku hizi ukichelewa kuanza wanakudai wenyewe, na wanatoka hadi barabarani bila mmoja kuachia kamba.

Wachanga ndio walioniumiza kichwa. Mbeleko inabeba mmoja, na dada mwenye mtoto mgongoni hawezi kuvuta kamba ya wengine. Jibu lilikuwa linapita mbele ya geti langu kila asubuhi: kijana wa guta, lile la magurudumu matatu la kubebea mizigo, anayepeleka maji madukani. Tukaelewana. Msimu wa masika, mbingu zikiwa zimefunga, anaegesha kwangu, anakunywa chai na chapati, na namtoa kidogo kwa muda wake. Fundi seremala akamtengenezea kingo za mbao za kupachika, ndani tukaweka godoro na turubai la kufunika juu. Wachanga wote wanaingia, dada anakaa nao, safari moja tu hadi kwa mama mmoja mwenye nyumba ya juu mlimani. Gharama yote haikufika ada ya mwezi ya watoto wawili. Waliocheka guta langu, mvua ilipokuja walinijia kuuliza linapatikana wapi.

Jambo lingine: msingoje maji muyaone. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, na kwetu unaweza kujaa huku jua linawaka. Nina shoga yangu anaishi Pugu, akiona mvua kubwa ananipigia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo, nawajulisha wazazi usiku; ikifika tahadhari kubwa, sifungui kituo, hata wakinuna. Wanaosema maji ya magotini si kitu wasimame kando ya mtoto wa miaka mitatu wapime yanamfika wapi. Yakienda kasi, sentimita 15 tu zinaweza kumwangusha mtu mzima. Na wazee wa hapa hawajasahau mafuriko ya Desemba 2011.

Lakini kutoka salama ni nusu ya kazi, na hii nusu ya pili hakuna semina iliyonieleza. Bonde la Jangwani, unakopita Msimbazi, likifurika, Barabara ya Morogoro inafungwa, na mama zetu wengi wanauza Kariakoo, ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo mimi hujiandaa kulala na watoto. Kwa yule mama wa mlimani kuna ndoo zenye mifuniko: unga wa uji, sukari, maziwa ya unga, maji safi, nepi, tochi, khanga kuukuu, dawa za wanaotumia dawa, na nakala ya simu za wazazi kwenye karatasi, maana simu yako itazima chaji.

Masika moja tulikaa hadi saa nne usiku. Akaja baba mdogo wa mtoto mmoja, amelowa, anataka kumchukua. Picha yake haikuwa kwenye fomu, simu ya mama haipatikani. Dada alimwambia kwa adabu, "Shikamoo baba, karibu ukae, ila mtoto hatoki." Alifoka sana. Dada hakuondoka mlangoni. Mama alipofika, magari yakiwa yamezungushwa mbali, alimkumbatia yule dada kabla hata ya mwanawe.

Tangu usiku ule kila mzazi analeta picha za watu watatu wanaoruhusiwa kuchukua mtoto, angalau mmoja awe anaishi upande wetu wa bonde. Asiyeleta, mwanawe simpokei.