Jua Engaruka, mvua mlimani

Ijumaa usiku utabiri ulionyesha kwamba Ziwa Natron halingepata mvua Jumamosi, na kweli barabarani halikudondoka hata tone. Kilichotukwamisha ni mvua ya kwingine kabisa.

Tulitoka Arusha watatu kwa pikipiki, alfajiri, tukielekea Ziwa Natron. Lami ya Makuyuni hadi Mto wa Mbu haina la kusimulia. Pale tulijaza mafuta, tukapunguza upepo kwenye tairi za kashata, zile zenye meno makubwa, ili zishike mchanga, tukaelekea kaskazini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Ilikuwa Novemba, msimu wa vuli, lakini vumbi lilikuwa jingi mno hata tukalazimika kuachiana nafasi kubwa ili wa nyuma aone njia.

Naipenda sana njia hii, na hali yake ya hewa inataka kusomwa juu na chini kwa pamoja. Chini ni tambarare kavu yenye majivu ya volkano. Kushoto, juu ya ukuta, ziko nyanda za Ngorongoro ambazo vilele vyake vinapita mita 3,000, na mawingu humwaga mvua huko. Maji hayo hayo ndiyo wakulima wa kale wa Engaruka waliyachepusha kwa mifereji ya mawe, karne nyingi zilizopita. Yakija kwa wingi hushuka kwa makorongo, na makorongo yanakatiza barabara.

Tulipoipita Engaruka tukavuka korongo la kwanza, kavu. Kwenye la pili mzee wa Kimaasai alikuwa amezuia mbuzi wake ukingoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Msiingie, vijana wangu.”

Mbele yetu ulikuwa mchanga mtupu. Akanyoosha fimbo kuelekea mlimani, ambako kulikuwa kumefunga kweusi. Haukupita muda tukasikia mawe yakigongana, kisha maji mazito ya kijivu yakajaa ukingo hadi ukingo, yakiburuta matawi. Sisi tulikuwa juani, jasho likitutoka ndani ya helmeti.

Rafiki yangu mmoja alitaka kujaribu yalipoanza kupungua. Nilikataa kabisa. Chujio la hewa likizama, injini inavuta maji, na pistoni haiwezi kuyabana kama inavyobana hewa; mkono wake unapinda, na huko hakuna fundi wa kuunyoosha. Jioni niliingia kwa miguu kupima. Yalifika magotini, na bado nilihisi mawe yakiviringika chini. Tukarudi kulala Engaruka.

Jumapili asubuhi maji yalikuwa yamekwisha, ila korongo halikuwa lile la jana: njia ya magari imefutika, tope la majivu limejaa palipokuwa na changarawe. Tulivusha pikipiki moja moja, injini ikiwaka, tukisukuma kwa zamu. Ng'ambo, wachungaji wakatuambia makorongo ya mbele ni mabaya zaidi. Jumatatu ilikuwa siku ya kazi, kwa hiyo tukageuza.

Natron tumeipangia Februari, katika ukavu wa kati ya vuli na masika, na tumeomba ruhusa ya Ijumaa ili tuwe na siku ya akiba. Mzee alitupa namba ya kijana wake anayechunga kule juu. Tutampigia kabla ya kuwasha pikipiki.