Amin aliondoka, bunduki zikabaki zinaamua

Kila tukiongelea vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, tunaishia pale Kampala ilipoanguka, 11 Aprili 1979, nduli kakimbia, vijana wetu wameingia mjini, Waganda wanawaita bakombozi, basi stori imeisha. Mi naona stori ndo ilikuwa inaanza, na hiyo sehemu ya pili hatuisemi kwa sababu haina ushindi.

Sisi tulichokozwa, hilo halina ubishi. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakaua na kupora kule Kagera, alafu Novemba akatangaza kwamba eneo lote mpaka mto Kagera ni la Uganda. Baba yangu mdogo alikuwa mgambo, akachukuliwa, akafika mpaka Masaka, na ukimuuliza vita atakusimulia usiku kucha, matope, njaa, mizinga, ila ukimuuliza nchi mlimwachia nani anajibu kwa mkato tu, "tuliwaachia wenyewe."

Sasa wenyewe ni akina nani? Machi 1979 vikundi zaidi ya ishirini vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana Moshi vikaunda UNLF, umoja wa ukombozi wa Uganda, na walichokubaliana kwa dhati ni kimoja, Amin atoke. Wakamweka Profesa Yusuf Lule, msomi, mtu mzima, hana jeshi. Alikaa siku 68. Yeye anateua mawaziri anavyoona, baraza la mashauriano linamwambia lazima tuwapitishe sisi, maana mipaka ya mamlaka ya rais haikuwa imekubalika vizuri tangu kule Moshi, kwa hiyo Juni wakamtoa na watu wa Kampala wakaingia barabarani kumdai rais wao. Akaja Godfrey Binaisa, mwanasheria. Mei 1980 akataka kumwondoa mnadhimu mkuu wa jeshi Oyite Ojok, ampeleke ubalozini Algeria, na aliyeondoka akawa Binaisa mwenyewe, tume ya kijeshi ya Paulo Muwanga ikashika nchi.

Kwangu mimi demokrasia ya Uganda ilipotea siku hiyo, kabla hata ya uchaguzi wenyewe. Rais kashindwa kumhamisha mwanajeshi mmoja, je mpiga kura wa kijijini ataweza nini?

Desemba 1980 wakapiga kura. Watu walijitokeza wengi mno, foleni ndefu, waangalizi wa Jumuiya ya Madola wapo, karatasi zinahesabiwa, wafuasi wa chama cha DP cha Paul Ssemogerere wameshaanza kushangilia, mara Muwanga anatoa amri: hakuna msimamizi wa kutangaza matokeo mpaka yapite kwake yeye, na atakayetangaza bila ruhusa jela miaka mitano. Yaani hakukuwa na haja hata ya kuiba masanduku, unakaa tu kwenye mdomo wa matokeo. Chama cha UPC kikatangazwa kushinda, na kiongozi wake Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, akarudi ikulu. Museveni, ambaye chama chake cha UPM kiliambulia kiti kimoja na yeye mwenyewe akashindwa jimboni kwake, Februari 1981 akaingia msituni, na watu wa Luwero, kaskazini mwa Kampala ambako vita hivyo vilipiganwa, wakalipa kwa damu yao mpaka Januari 1986. Hata baada ya hapo vyama vilifungwa mikono hadi 2005, na mwaka huohuo ukomo wa vipindi vya urais ukafutwa kwenye katiba, 2017 ukafuata wa umri.

Na sisi? Mwalimu Nyerere namheshimu sana na naamini haki ya kupigana ilikuwa yetu. Lakini Obote alikuwa mgeni wake Dar tangu alipopinduliwa 1971, rafiki yake, na siku ya kura hiyo wanajeshi wetu bado walikuwa Uganda. Hata kama hatukumgusa mtu, Mganda wa DP angeamini vipi kwamba hatuna upande? Naumia kuliandika hili kwa sababu wenzetu walikufa kule, na waliokufa hawakwenda kumrudisha mtu fulani ikulu, walikwenda kumtoa muuaji.

Shuleni tulifundishwa Kyaka na Mutukula vizuri tu. Lule na Binaisa mi nilikuja kuwasoma ukubwani, kwa juhudi zangu mwenyewe, na natamani wanangu wafundishwe darasani, pamoja na lile tangazo la Muwanga neno kwa neno.