Siku Moja na Darasa Langu la Kifaransa

Saa 12:30 asubuhi ninashuka kwenye daladala Temeke, mkononi nikiwa na bahasha ya kadi za maneno nilizokata jana usiku. Wiki hii wanafunzi wa kidato cha pili wanachagua masomo ya kidato cha tatu, na ni wakati huu ambapo Kifaransa hupoteza watoto wengi, wakiwemo wanaokiweza vizuri.

Saa 2:00, kipindi cha kwanza. Kinachowatisha zaidi ni jinsia ya nomino, kwani hawaoni kwa nini meza iwe ya kike. Ninaandika ubaoni "kiti kikubwa, mti mkubwa, meza kubwa", na chini yake "un grand lit, une grande table" (kitanda kikubwa, meza kubwa), kisha ninauliza nani aliwahi kukaa chini akakariri ngeli kabla ya kuanza kuongea. Hakuna. Anayepatanisha ngeli zote za Kiswahili bila kuwaza, ninawaambia, hashindwi na lugha yenye ngeli mbili. Sauti ya u katika "rue" (mtaa) ndiyo inayotuchukua muda: tamka i huku umechongoa midomo kama anayepiga mluzi. Binti wa dawati la nyuma anaipata mara ya tano, anaziba mdomo kwa mshangao.

Saa 4:00 ni chai na kusahihisha madaftari.

Saa 5:20 anaingia mgeni, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa wakala wa forodha. Ameleta nakala ya orodha ya mzigo, majina yamefutwa, wa lori linalokwenda Lubumbashi, Kongo (DRC), kupitia mipaka ya Tunduma na Kasumbalesa. Anaeleza kwamba wateja wake wa kule huongea naye Kiswahili simuni, lakini makaratasi huja kwa Kifaransa, kwa sababu Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa za Kongo ilhali lugha rasmi ni Kifaransa. Kijana mmoja anasoma "poids brut" kwa kutamka kila herufi. Mgeni anamsahihisha taratibu neno la kwanza, "pwa", uzito.

Saa 8:30 mama yake kijana huyo ananisubiri ofisini.

"Mwalimu, hicho Kifaransa ataongea na nani hapa Temeke?"

Swali lake ni la haki, kwa hiyo simjibu kwa maneno matupu. Ninamwita mwanawe, ninampa ile karatasi, naye anamfafanulia mama yake mstari kwa mstari, uzito, idadi ya katoni, mahali mzigo unakoshushwa. Mama anasikiliza hadi mwisho, kisha ananiomba nakala akamwonyeshe baba wa kijana.